Orodha ya Msimamizi wa Ghorofa ya Tatu

Nisameheni kwanza kwa mwandiko na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na tangu nifike Kanada kalamu nimeishika zaidi kwa kutia sahihi kuliko kwa kuandika. Ukurasa huu wa kwanza nimeuanza mara nne. Mhariri wa jarida letu akinisahihisha sitaudhika, ila asiniongezee maneno mazuri ambayo sikuyasema.

Nataka kuwaandikia habari za mwanamke tuliyemwita Msimamizi. Alikuwa na jina lake, lakini hata kanisani watu walisema, "Msimamizi amefika, tuanze." Alisimamia ghorofa ya tatu katika makao ya wazee nilikofanya kazi, mashariki kabisa mwa Toronto, upande wa ziwa. Cheo hicho alikingoja miaka saba. Alikishika chini ya miaka miwili, kisha akakipoteza kwa sababu ya zoezi la dharura lililochukua asubuhi moja. Katika zoezi hilo kosa moja lilikuwa lake. La pili lilikuwa langu, na sikulisema.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alivaa sweta ya kijivu miezi yote kumi na miwili. Mwezi wa saba, wazee wakilalamika joto, yeye amefunga vifungo hadi shingoni. Mama Furaha, mwenzetu kutoka Uvira, hakuchoka kumtania.

"Msimamizi, hii sweta ulizaliwa nayo?"

"Nilizaliwa nayo na nitazikwa nayo, na wewe ndiye utakayenifunga vifungo. Kasafishe masinki."

Hakupanda lifti. Sikuwahi kusikia sababu, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Kila asubuhi alipanda ngazi kutoka mlango wa wafanyakazi hadi ghorofa ya tatu, mfuko wa chakula mkono mmoja, viatu vya theluji mkono wa pili, na alikuwa akifika juu kabla ya sisi tuliongoja lifti. Akishafika, anasimama pale mlango wa lifti unapofungukia ili tumkute anatungoja. "Habari za usingizi," anatuambia, na saa ya ukutani inaonyesha tumechelewa dakika mbili.

Alikuwa mkali wa saa kazini. Kanisani, huko Regent Park, aliingia siku zote katikati ya wimbo wa tatu. Chakula alikula amesimama, wali baridi kutoka kwenye kopo la mtindi, na alitukataza kula tumesimama. Alituambia kumdanganya mzee ni dhambi maradufu, kwa sababu mzee hana muda wa kuja kuugundua ukweli. Lakini kulikuwa na bibi mmoja wa chumba cha pili ambaye mwanawe alikuwa hajapiga simu tangu Pasaka, na kila Jumapili jioni Msimamizi alimwambia, "Amepiga, ulikuwa umelala." Nilimsikia kwa masikio yangu. Aliponiona mlangoni alinitazama tu, akanipa shuka za kukunja.

Sheria yake kubwa ilikuwa hii: kabla hujamgusa mtu, mwambie. Utamwinua, mwambie. Utamgeuza, mwambie. Hata kama hasikii, hata kama amesahau jina lake mwenyewe. "Usimwinue mtu kama gunia," alisema. Nilipoanza kazi nilimgeuza bibi mmoja kimya kimya, kwa vile sikujua maneno ya Kiingereza ya kumwambia. Msimamizi akanivuta pembeni. "Mwambie kwa Kiswahili. Atajua unaongea naye." Basi nikawa nawasalimu wazee wote wa Kizungu shikamoo. Wengi hawakujali. Mmoja alimwuliza Msimamizi maana yake na jinsi ya kuitikia, na kuanzia siku hiyo nikiingia na kusema shikamoo, anajibu "marahaba" kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi.

Huyo tulimwita Mzee Mdogo. Alikuwa na miaka hamsini na minane tu. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulikuwa umemla miguu, ukamla mikono, na sasa ulikuwa unaanza sauti. Akili yake ilikuwa nzima. Alilala chumba cha mwisho cha ukumbi, akisikiliza mpira wa magongo kwenye redio, na akitaka kitu alikutazama wewe, kisha akakitazama kile kitu, mpaka ukaelewa.

Nisemeje kuhusu mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa kwa shangazi. Nilipanda tramu, treni ya chini ya ardhi na mabasi mawili kufika kazini, na njia nzima niliomba mtu asinisemeshe. Mzungu akiniuliza jambo, lolote lile, nilijibu ndiyo. Umechoka? Ndiyo. Umeshapumzika? Ndiyo. Msimamizi aliligundua hilo wiki ya kwanza.

"Wewe binti, ndiyo yako iko karibu mno. Jifunze kusema ngoja."

Akanifundisha neno hilo kwa Kiingereza, tumesimama kwenye stoo ya nepi, akanifanya nilirudie mara ishirini. "Ngoja. Hakuna atakayekupiga kwa sababu umesema ngoja." Pale stoo nililisema vizuri.

Madirisha ya chumba cha kulia yalitazama ziwa, na kando ya ziwa ulikuwa unaona majengo meupe ya mviringo yamepangana. Miezi yangu ya mwanzo nilidhani ni matangi ya maji. Msimamizi ndiye aliyenieleza kuwa ni kituo cha umeme wa nyuklia. "Mle ndani wanachemsha maji tu, kama wewe na chai yako," alisema. "Shida ni kuni wanazotumia." Akanionyesha kisanduku kilichofungwa kwa ufunguo ofisini kwake, chenye vidonge vya iodini, kimoja kwa kila mtu wa ghorofa, siku hewa ikiharibika. Alikuwa akivihesabu kila Jumatatu. Vilikuwa vilevile kila Jumatatu.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, makao yetu yaliambiwa yatashiriki zoezi. King'ora kitalia kana kwamba kituo kimepasuka, na kila ghorofa itawatoa watu wake wote hadi kwenye mabasi, na mabasi yatawapeleka ukumbi wa michezo wa shule moja kaskazini, mbali na ziwa. Watakuja watu wa kuangalia na kuandika. Meneja alimwita kila msimamizi na kumwambia apange orodha yake: nani anatoka wa kwanza, nani anafuata, nani yuko na nani.

Msimamizi alilichukulia jambo hilo kama harusi. Wiki tatu hakuzungumza kitu kingine. Alileta mifuko mitatu ya nafaka kutoka nyumbani, akaimwaga juu ya meza ya chumba cha mapumziko. Harage lilikuwa mtu wa kitandani, punje ya mahindi mtu wa kiti cha magurudumu, punje ya mchele mtu anayetembea mwenyewe. Alichora ukumbi kwa chaki palepale mezani na kuzisogeza punje kwa ncha ya kidole.

Mama Furaha akaingia na chai. "Sasa leo munapanga zoezi ao munapika makande?"

"Kaa chini. Wewe ni mahindi mawili na harage moja. Nionyeshe unawatoaje."

"Mimi nakula wale mahindi kwanza, harage linabaki."

Tulicheka. Msimamizi naye alicheka, akiwa ameshika harage lake, kisha akasema, "Siku hiyo hamtacheka. Rudia."

Orodha yake ilikuwa na watu thelathini na wanane, ameiandika kwa mkono mara nne, nakala moja kila mlango. Wa kwanza alikuwa bibi wa miaka tisini na saba. Wa pili, babu wa tisini na sita. Ikashuka hivyo, mkubwa kwa mdogo, hadi namba thelathini na nane, Mzee Mdogo. Sisi tulioisoma tulikuwa watano, kutoka Kigoma, Uvira na Bujumbura, na hakuna hata mmoja aliyeona la ajabu. Ndivyo unavyowasalimu watu ukiingia nyumbani kwao. Ndivyo unavyopakua chakula. Mkubwa kwanza. Hatukujadili, kama vile hamjadili mlango uko wapi kwenye nyumba mliyokaa siku zote.

Aliyeuliza ni dada mmoja wa Jamaika aliyekuja kushika zamu kutoka ghorofa ya pili. Aliisoma orodha, akarudi mwanzo, akaisoma tena.

"Kwa nini huyu wa mwisho ni wa mwisho? Hawezi hata kujikuna."

"Ndiye mdogo," Msimamizi akamjibu.

Yule dada aliendelea kumtazama, akingoja aendelee. Msimamizi alishamaliza. Kwetu sisi jibu lilikuwa limetosha.

King'ora kililia saa tatu asubuhi, siku ya mvua nyembamba. Nilidhani nitaogopa. Sikuogopa, nilisikia tu mlio. Nilipangiwa kukaa na Mzee Mdogo mpaka lifti ije kumchukua. Nikamvalisha koti, nikamwambia kila mkono ninaouingiza, nikakaa kwenye kiti kando yake.

Sasa mambo yakawa hivi. Kwa kuwa orodha ilikwenda kwa umri, bibi wa kwanza alikuwa anatembea kwa miguu yake, wa pili ni wa kitandani, wa tatu kiti, wa nne kitanda. Lifti ilibeba kitanda kimoja na mtu mmoja, ikashuka, ikarudi. Wale waliotembea, ambao wangejaza basi la kwanza kwa dakika kumi, walikaa kwenye viti ukumbini kungoja zamu yao ya umri. Msimamizi alikuwa amepima kila kitu kwa hatua. Lifti hakuipima. Alipanda na kushuka ngazi asubuhi ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, sweta imelowa mgongoni, orodha mkononi, akiita namba. Kando ya lifti alisimama bwana mmoja na ubao wake wa kuandikia na saa ya kupimia. Alikuwa anaandika.

Muda ulipokaribia kwisha, ukumbi ulikuwa umebaki mtupu. Nilitoka chumbani kuangalia kama lifti inakuja. Nikamkuta mama mmoja wa ofisini, amekuja juu mbio, anahema. Akaniuliza kama ghorofa imeisha, kama hakuna mtu tena.

Nilielewa swali. Sitaki mtu anisaidie kwa kusema labda sikuelewa. Nililielewa lote. Nikamjibu ndiyo.

Akanishika bega, akanielekeza kwenye ngazi, tukashuka pamoja. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa wazi nyuma yetu na redio ilikuwa inaongea. Chini, Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni mwa basi la pili, anatia alama. Alinitazama nikipita. Nikaenda nikakaa nyuma, karibu na dirisha, na basi likaondoka. Nilikuwa nawaza kwamba nitasema tukifika kwenye taa za barabarani. Tukazipita. Nikawaza nitasema kwenye taa zinazofuata.

Katika ukumbi wa michezo walituhesabu. Watu thelathini na saba. Msimamizi akahesabu mwenyewe, akigusa kila bega. Thelathini na saba. Akaigeuza orodha nyuma, kama vile mtu mwingine angeweza kuwa ameandikwa huko, kisha akaikunja na kuitia mfukoni.

Yule bwana wa ubao ndiye aliyemkuta Mzee Mdogo, alipopita vyumbani kukagua. Alikuwa amelala peke yake zaidi ya saa moja, king'ora kinalia, amevaa koti. Kwa sheria za zoezi walimvisha shingoni kadi nyekundu, ya mtu anayehesabiwa kuwa amepotea. Hata walipomrudisha kwenye shuka zake kadi ile ilikuwa bado shingoni, kwa kuwa yeye hakuweza kuivua na wengine walisahau. Ni mimi niliyeivua. Nikamwambia shikamoo. Akatazama dirisha.

Kikao kilikuwa siku ya pili yake. Meneja alikaa na karatasi za yule bwana, sisi tumejipanga ukutani. Kwanza aliuliza juu ya orodha. Msimamizi akaeleza, na meneja hakuelewa, akaeleza tena kwa utulivu, mkubwa kwanza, na nikaona uso wake ukibadilika katikati ya maelezo. Nadhani ndipo alipoisikia orodha yake kwa masikio ya watu wengine kwa mara ya kwanza.

Kisha meneja akauliza ni nani aliyesema ghorofa imeisha. Yule mama wa ofisini akatutazama mmoja mmoja. Mama Furaha, mimi, yule wa Bujumbura. Akasema ni mmoja wa wasichana, hakumbuki yupi. Alikuwa ameshanipita kwa macho mara mbili.

Nilikuwa na ulimi mdomoni. Naukumbuka ulivyokaa.

"Ni mimi," Msimamizi akasema. "Orodha yangu, ghorofa yangu."

Wakampeleka kufulia, kwenye chumba cha chini kabisa cha jengo, na ghorofa ya tatu akapewa mtu mwingine. Alipokuja kurudisha funguo, Mama Furaha alilia waziwazi. "Dada, na weye unaenda tu hivi? Huseme kitu?" Msimamizi akamwambia, "Nguo chafu hazina namba. Nitapumzika." Sote tukajilazimisha kutabasamu. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo.

Miezi minne baadaye dada yake Mzee Mdogo alikuja kumhamisha, wakampeleka makao mengine, nje ya Toronto. Kabla ya siku hiyo nilimsalimu kila asubuhi. Hakuitikia tena. Huenda sauti ilikuwa imekwisha, ugonjwa ulikuwa umefika huko. Huenda si hivyo.

Msimamizi alikaa kufulia mwaka mzima. Mimi nilikuwa ghorofa tatu juu yake. Nilituma mashuka chini kwa bomba la nguo chafu na yakarudi yamekunjwa kwa mikono yake, pembe juu ya pembe. Nilikuwa nikijiambia nitashuka Ijumaa. Ijumaa nyingi zilipita hivyo, na sikuhisi kitu kikubwa, ni kama mguu ulioukalia. Kisha nikasikia ameacha kazi, amehamia Mount Dennis, magharibi mwa mji, na mwaka ukapita, na mwingine.

Mwezi uliopita shangazi alinituma Mount Dennis kununua unga na dagaa katika duka moja la Waafrika. Nikamkuta kwenye rafu ya unga, anasoma tarehe nyuma ya mfuko, ameusogeza mbali na macho. Alikuwa amekonda. Alikuwa na mwanawe mdogo, kijana mrefu, ambaye mama yake alimwuliza jambo kwa Kiswahili naye akajibu kwa Kiingereza bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kidogo. "Umenenepa. Vizuri. Shangazi mzima?"

"Mzima."

Akaniambia yuko kiwandani, anafunga vijiko na uma za plastiki katika vikasha, na kwamba wanakaa, kazi ya kukaa. Nikaitikia kila kitu. Nikaona anaanza kuuweka mfuko kwenye kikapu, anajiandaa kuniaga, na nikasema.

"Mama, siku ile ya zoezi. Ni mimi niliyesema ghorofa imeisha."

Hakushtuka. Aliurudisha unga kwenye rafu, akachukua mwingine.

"Najua. Nilikuwa mlangoni mwa basi. Ulishuka bila mtu wako."

"Ulijua hapohapo?"

"Nilikuwa nimechoka, nikaona kwa macho, akili ikafika baadaye. Ilifika kule ukumbini, nilipokuwa nahesabu."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Orodha ilikuwa yangu. Hilo ni kweli, wala sikukufanyia hisani." Akamwambia mwanawe aende kuangalia bei ya samaki. Alipoondoka, akaendelea kwa sauti ileile. "Nilisema utakuja mwenyewe. Kesho yake nilijua utakuja. Nikakaa kule chini, kila mlango ukifunguka nageuka. Mwaka mzima, binti. Nilikukasirikia sana. Sasa siyo sana."

"Naomba unisamehe, mama."

"Mimi na wewe tumeshazungumza hapa, tumemaliza. Na yule?"

"Alihamishwa. Sijui alikopelekwa."

"Ulimwambia kabla hajaenda?"

"Hapana."

Aliweka mkono juu ya kikapu. Nilidhani ataniambia maneno ya kunifariji, kwa sababu macho yake yalikuwa yamelegea. Akasema, "Basi una kazi." Akamwita mwanawe, akaenda kwenye foleni, na mimi nikabaki pale nimesahau nilichotumwa.

Ndiyo maana naandika. Ninyi mnaosoma jarida hili wengi mnafanya kazi kama yangu, katika makao ya wazee ya miji yote ya huku, na ofisi hazinipi habari kwa kuwa mimi si ndugu yake. Namtafuta mwanamume wa Kizungu, sasa atakuwa na zaidi ya miaka sitini. Mikono haimfanyi kazi, miguu haimfanyi kazi, pengine hana sauti, na anapenda mpira wa magongo kwenye redio. Anazungumza kwa macho. Kama mmoja wenu anamwosha asubuhi, mwambieni kwamba msichana aliyemwacha peke yake na king'ora alijua kwamba yeye yumo chumbani. Asidhani alisahauliwa. Mwambieni polepole, kisha mwangalieni macho yanakwenda wapi, mniandikie kupitia kwa mhariri. Akiwa amekufa niandikieni hivyo pia. Na akitazama dirisha, niandikieni tu kwamba ametazama dirisha.